Uchambuzi wa kisa: baiskeli ya kwanza ya milimani kwa shilingi 22,000

Usuli

Bi. M (hiyo si herufi ya jina lake) ana miaka ishirini na kitu, anafanya kazi ya zamu na anaishi upande wa mashariki wa Nairobi. Mtaa, kazi na majina ya wote waliohusika nimeyaacha nje. Bei nimeziacha zilivyokuwa, maana bei ndizo kisa chenyewe.

Alikuwa amekodi baiskeli mara tano au sita katika Msitu wa Karura na moyo wake ukabaki huko. Ukiwahi kuteremka asubuhi kwenye njia zile nyekundu, umande ungali majanini na vibao vya njia panda vyenye namba vikikupita kimoja baada ya kingine, utamwelewa. (Tuna msitu huo wa kupandia baiskeli kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 ili usigawanywe viwanja. Huwa nalikumbuka hilo kila nikipita langoni.) Lakini kukodi kulikuwa kunammaliza kidogo kidogo, na baiskeli ya kukodi hawezi kwenda nayo Limuru wala Milima ya Ngong.

Mwishoni mwa Januari zamu yake ya chama (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) ilifika, akapokea 22,000. Nyuma ya pesa hizo hapakuwa na nyingine. Kuna kodi ya nyumba, kuna mama yake nyumbani, na mwezi ukiisha hakuna kinachobaki. Alinifikia kupitia rafiki tunayepanda naye Jumapili, kwa sababu huwa nawasindikiza watu wanaonunua kwa mara ya kwanza. Swali lake lilikuwa hili: "Kaka, kwa hii elfu ishirini na mbili naweza kupata kitu cha maana?"

Nilimjibu kwamba inawezekana, ila baiskeli yenyewe isizidi 14,000. Akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba siku ile alidhani namvunja moyo.

Yaliyotokea

Baiskeli ya kwanza aliyoiona ilikuwa mpya, dukani, 17,500. Ilikuwa na springi mbele na nyuma, gia 21, rangi nyekundu na nyeusi. Alinitumia picha saa mbili usiku akiwa karibu kulipa. Nilimwomba asubiri hadi kesho yake, tukaenda pamoja. Tuliinyanyua: chuma kitupu, na mizani ya mizigo aliyokuja nayo ilisoma kilo 18. Nilimwonyesha springi ya nyuma. Ilikuwa springi tu, haina kitu ndani cha kuituliza, kwa hiyo kila ukikanyaga pedali inadunda na kula nguvu zako. Viungo vyake vinazunguka juu ya bushi za plastiki ambazo matope ya Nairobi huzimaliza upesi. Vishikio vya breki vilikuwa plastiki pia, na ukivibana vilipinda kabla ya breki kushika. Saizi ilikuwa moja tu kwa watu wote.

Kilichomwamulia Bi. M hata hivyo hakikuwa maneno yangu. Alichuchumaa kuangalia fremu chini ya kiti, akakuta kibandiko kidogo kama stempu. Kilisema kwa Kiingereza kwamba baiskeli hii haikukusudiwa njia mbovu. Alikisoma mara mbili, akainuka, akasema "twende". Vibandiko vya aina hiyo vipo kwenye baiskeli nyingi za bei hiyo zenye sura ya milimani, na sijaona muuzaji hata mmoja akikionyesha kwa hiari yake.

Ya pili ilikuwa ya tangazo. Magurudumu ya inchi 29, breki za diski za mafuta, 19,000. Kwa vifaa vile bei ilikuwa ya chini mno. Muuzaji alitaka tukutane kando ya kituo cha mafuta jioni. Tulipoigeuza juu chini tutazame namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa chini pale krenki (mikono inayoshika pedali) zinapopita, tulikuta pamesuguliwa kwa tupa na kupakwa rangi. Alisema ilitoka hivyo Uingereza. Tulimshukuru tukaondoka. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Ukishaiona namba iliyosuguliwa ni vigumu tena kudai hukujua. Na hata sheria isingekuwepo, kuna mwenzetu mahali analilia baiskeli ile.

Ya tatu ilipatikana wiki mbili baadaye, kwenye yadi ya baiskeli za mtumba, zile tunazoziita ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza. Mbili zilimfaa kwa bei. Moja ilikuwa na springi mbele na nyuma, magurudumu ya inchi 27.5, fremu ya inchi 19, wakianzia 16,500. Nyingine ilikuwa ya alumini, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi mbele tu, magurudumu ya inchi 26, kaseti (rundo la meno ya gia) ya gia 8 nyuma, breki za V (za mipira inayobana ringi ya gurudumu), fremu ya inchi 16, wakianzia 13,500. Macho yake yalikuwa kwenye ile ya kwanza. Nilimwomba asimame katikati ya kila moja, miguu yote chini, akiwa na viatu vyake vya kupandia. Ana urefu wa sentimita 162. Kwenye ile kubwa bomba la juu lilimgusa. Kwenye ndogo ilibaki nafasi ya vidole vinne na zaidi. Tukaachana na ile kubwa bila kuipima kitu kingine chochote.

Ndogo tuliipima kwa karibu nusu saa, na hapa nitakawia kidogo. Tulianza na fremu. Tuliipangusa kwa kitambaa chenye maji nyuma ya shingo, pale mabomba ya juu na chini yanapoungana, kwa sababu ufa wa alumini huonekana kama unywele juu ya rangi na vumbi huuficha. Hapakuwa na ufa. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu na chini kwenye miguu ya foki inayong'aa. Kutu ikishakula pale, ukucha unakwama, na mipira ya ndani itachanwa kila foki inaposhuka. Ukucha haukukwama. Akabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye beringi za usukani, asikie kama zinacheza. Zilikuwa imara. Kisha krenki: nilipoisukuma ya kushoto ndani na nje, nilihisi "tk, tk" vidoleni kabla sijaisikia masikioni. Ilikuwa bolti imelegea. Tuliikaza, ikatulia. Ringi hazikuwa zimeliwa na breki kiasi cha kubonyea. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda kidogo, kama milimita 3, jambo ambalo fundi hulinyoosha kwa kukaza spoki.

Mwisho tukatoa rula. Cheni mpya, ukipima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16 ni wakati wa kuibadilisha. Ikifika 12 na 1/8 mara nyingi imeshakula na meno ya kaseti. Hii ilikuwa imegusa 1/8.

"Sista, hii ni ex-UK safi, haijaguswa na fundi wa huku," muuzaji akasema.

"Boss, cheni imeisha. Si unaona rula?"

"Aa, cheni ni elfu moja tu."

"Basi nitolee hiyo elfu moja."

Alicheka, akaitoa. Mipira ya breki iliyokuwa imebaki nyembamba kama kadi ikatoa 500 zaidi. Bi. M alilipa 12,000 kwa M-Pesa na kuomba risiti yenye namba ya fremu, jina la yadi na tarehe. Muuzaji hakuwa na kitabu cha risiti, akaiandika kwenye karatasi ya daftari na kutia sahihi. Inatosha.

Wakati wa kuijaribu kiti kilikuwa chini kidogo. Tukasema tutakiinua nyumbani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugawa pesa kabla ya kuona baiskeli yoyote. Baiskeli ya mtumba haiji tayari. Cheni, nyaya za breki na gia, mipira ya breki, tyubu na grisi ni vitu ambavyo mwenyewe wa Uingereza alivimaliza ndipo akaitoa. Ukimaliza pesa zote yadini unapanda kitu chenye breki za mtu mwingine, tena bila helmeti.

Magurudumu ya inchi 26 tuliyachagua kwa makusudi. Kuanzia kama mwaka 2012 watengenezaji walianza kuyaacha na kuhamia 27.5 na 29, kwa hiyo huko Ulaya baiskeli nzuri za 26 zilishuka thamani kwa sababu ya mtindo tu. Hapa kwetu tairi na tyubu za 26 ziko kila mahali, hadi kwa fundi wa kando ya barabara. Kwa mtu wa pesa kidogo hiyo ni faida ya pande mbili. Breki za V ni hivyo hivyo: ni dhaifu kwenye matope kuliko diski, lakini mpira wake unapatikana popote na mtu anajifunza kuubadilisha kwa alasiri moja. Diski za waya za bei ya chini nisingemshauri mtu azifuate kwa ajili ya sura.

Kwa fundi tuliamua kubadilisha cheni (1,300), mipira ya breki mbele na nyuma (800), nyaya zote (700) na tyubu mbili, moja ikiwa ya akiba (800). Kazi ya fundi, kufungua beringi na kuzitia grisi upya na kunyoosha gurudumu, ilikuwa 1,500. Helmeti ilikuwa 2,500, mpya. Hapo Bi. M alitaka kupunguza, kuna za mtumba kwa 1,000, nami nilikataa waziwazi. Helmeti ikishaanguka mara moja kwa nguvu povu lake la ndani linakuwa limebonyea, na kwa nje huoni kitu.

Kaseti tuliamua kuiacha. Ilikuwa 2,200. Hoja yetu ilikuwa kwamba 1/8 ni mpaka, meno kwa macho yalionekana bado mapana, basi tujaribu cheni mpya kwanza. Si hoja mbaya, mafundi wengi hufanya hivyo. Tulivyoijaribu ndipo tulipokosea, na nitaeleza mbele.

Kisha kiti. Fundi, mzee mtaratibu anayefanyia kazi chini ya mwavuli, alilegeza kishikio, akakipinda kiti kushoto na kulia, akatikisa kichwa. "Dada, hili bomba limefunga ndoa na fremu." Bomba la kiti la alumini lilikuwa limekaa ndani ya fremu ya alumini miaka mingi bila grisi, na maji yalikuwa yamezaa kutu yake nyeupe katikati. Alimimina mafuta ya kulegeza, akaliacha siku mbili. Halikutikisika. Siku ya tatu alitoa kiti, akabana kichwa cha bomba kwenye jiliwa la jirani yake anayechomelea mageti, na watu wawili wakaishika baiskeli nzima na kuizungusha kama usukani wa lori. Likatoka likilia, limejaa unga mweupe kama chokaa, kichwa chake kimepondeka. Bomba jipya 900, kazi 700.

Fundi alikuwa na bomba la milimita 26.8 na akataka kuliviringishia kipande cha kopo la soda lijae. La zamani lilikuwa na chapa ya 27.2. Nilimsihi tutafute saizi yenyewe. Bomba lisilokaa sawasawa hupasua fremu pale juu, na fremu ndiyo kitu pekee kwenye baiskeli hii ambacho Bi. M hawezi kukinunua tena. Tulizunguka vibanda vitatu tukaipata. Kabla ya kuliingiza alilipaka grisi, na kulishusha hadi alama ya mwisho iliyochorwa ubavuni ikafichika.

Pamoja na 400 za boda iliyobeba baiskeli kutoka yadini, alikuwa ametumia 21,600. Zilibaki 400.

Matokeo

Jumapili ya kwanza alienda Karura. Alijaza upepo kituo cha mafuta, tyubu zake zina valvu ya aina ya gari, na kijana wa pampu akatia hadi PSI 60 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Kwenye mizizi baiskeli ilikuwa ikirukaruka, na palipokuwa na utelezi gurudumu la mbele lilimponyoka mara mbili. Tulipunguza hadi 32. Yeye ana kilo 58 na tairi zake ni pana, inchi 2.1. Alirudia kona ileile, ikashika. Alipiga kelele ya furaha hadi watu waliokuwa wakitembea wakageuka.

Saa moja baadaye tulikuwa tunapanda kutoka bondeni kwa Mto Karura. Alishuka gia, akasimama juu ya pedali, na cheni ikaruka. Mguu ulishuka bila kitu cha kukanyaga, goti likagonga shina la usukani. Hakuanguka, lakini alikaa kando ya njia dakika kumi ameshika goti, na wiki mbili hakupanda. Cheni mpya ilikuwa inapita juu ya meno yaliyozoea cheni ndefu. Palipo tambarare inatulia, ukiweka uzito inateleza.

Kaseti aliinunua mwezi uliofuata, 2,200, pamoja na pampu ndogo, viraka na gundi kwa 900. Jumla ikawa 24,700. Alipita bajeti kwa 2,700, na hizo 2,700 zilitoka kwenye pesa ya chakula ya mwezi ule. Naliandika hilo kwa sababu kwa mtu wa mapato yale si tarakimu ndogo.

Tangu hapo hajakwama. Alipanda masika yote, alienda Limuru na kurudi, na mwezi wa Juni alifika kileleni Ngong, karibu mita 2,460 juu ya bahari, akiisukuma baiskeli vipande viwili na kuipanda vingine vyote, mitambo ya upepo ikizunguka upande wake.

Uchambuzi

Lililomwokoa zaidi ni ule mpaka wa 14,000. Angenunua ile ya 17,500 angebaki na 4,500, baiskeli ya kilo 18, saizi isiyo yake, na vifaa ambavyo havifai kurekebishwa. Angenunua ile kubwa ya yadini angekuwa na springi ya nyuma ya miaka mingi, ambayo mipira yake ya ndani ni vigumu kuipata hapa na ikipatikana ni ghali. Watu huniuliza kwa nini napinga springi ya nyuma kwa mwenye pesa kidogo. Si kwamba ni mbaya. Iliyotengenezwa vizuri ni raha tupu. Ila ni mashine ya pili juu ya mashine, na inataka bajeti yake.

Saizi kuitanguliza kabla ya kila kipimo kulitupunguzia kazi na kishawishi. Baiskeli iliyokuwa imemvutia iliondoka ndani ya dakika mbili, kabla hajaipenda zaidi.

Rula ilirudisha pesa yake. Si kwa sababu muuzaji hakujua hali ya cheni, alijua. Ni kwamba "cheni imechoka" ni maneno ya kubishaniwa, na inchi 12 na 1/8 haina mabishano.

Kosa la kiti ni langu, si lake. Nimepima baiskeli nyingi na najua kwamba bomba la kiti na shina la usukani ni lazima vitikisike kabla pesa haijatoka. Siku ile jua lilikuwa kali, tulikuwa tumefurahi, nikasema "nyumbani". Kulegeza kishikio na kupinda kiti kungechukua sekunde ishirini. Kama lingegoma, tungeondoka au tungetoa 1,600 kwenye bei, nazo pamoja na zile 400 zilizobaki zingekuwa 2,000, karibu bei ya kaseti.

Kuhusu kaseti, kosa halikuwa kuiacha bali kuijaribu mahali pabaya. Fundi aliizungusha ikiwa imening'inia, gia zote zikapita laini, tukaridhika. Meno yaliyoliwa hayajulikani bila uzito. Ilipasa Bi. M aipande kilima kifupi cha barabara iliyo karibu na kibanda, ameketi, kwa gia nzito, akikanyaga pole pole na kuongeza nguvu, akiwa tayari kwa kuruka kwake. Ingeruka pale, fundi akiwa hatua kumi kutoka kwake, na goti lake lisingeumia. Siku hizi nafanya hivyo kwa kila cheni mpya inayowekwa juu ya kaseti ya zamani, gia moja moja, hasa zile ndogo zinazotumika sana.

Kuna mwenzangu anayeshikilia kwamba Bi. M angesubiri afikishe 35,000. Nimelifikiria sana. Kwa kasi yake ya kuweka akiba ingekuwa mwaka mwingine, huku akiendelea kukodi, na sidhani angejua anachokitaka kwa 35,000 bila ya mwaka huu. Sasa anajua: anataka breki za diski za mafuta, kwa sababu kwenye matope ya Aprili mipira ya V ilimwisha kwa wiki sita na vidole vilimuuma kwa kubana. Foki anasema inamtosha.

Jumapili iliyopita alitoa rula yake mwenyewe mfukoni, akaipima cheni kwenye kivuli langoni, pini ya kwanza hadi ya 25. Haijafika 1/16.